KWA NINI REDIO INARUDIA WIMBO ULE ULE?

Mazungumzo haya yalitolewa jioni moja mbele ya wahitimu wa kisomo cha watu wazima. Tunayachapa karibu kama yalivyosemwa.



Wiki iliyopita bibi mmoja wa hapa hapa, mwenyewe anajijua na naona anacheka pale nyuma, alinisimamisha njiani akiwa na kuni kichwani. Akaniuliza, "Mwalimu, redio ya mjukuu wangu ina nyimbo ngapi ndani? Asubuhi nikichambua mboga, wimbo ni ule. Mchana nikisonga ugali, ule. Usiku nikijinyoosha kitandani, ule ule. Wameishiwa, au wanatuona sisi wajinga?"

Nilicheka. Lakini nilipofika nyumbani niliona nimecheka bure. Swali lile ni zuri, na jibu sikuwa nalo. Basi nikaanza kusoma na kuulizauliza. Leo nimelileta jibu, ila nitalitolea mbali kidogo, huko Marekani, katika redio zao zinazopiga muziki wa kantri. Sababu ni mbili. Kwanza, kantri ulianza kama muziki wa watu wa shamba, watu wa jembe na ng'ombe kama sisi. Pili, wenzetu wale hawapigi wimbo kwa kubahatisha. Wanauliza watu, wanahesabu, wanaandika. Kwa hiyo ukifuata njia yao unaona waziwazi wimbo unavyorudiwa, nani anaamua, na nani anaumia.

Kantri mnaujua, hata kama jina hamlijui. Ni gitaa, fidla na banjo. Na hiyo banjo, ndugu zangu, asili yake ni Afrika. Ilifika kule na watu wetu waliochukuliwa utumwani. Nyimbo zake ni za mapenzi, reli, migodi, ulevi, kifo na kumwomba Mungu. Wazee hapa wanamkumbuka Jim Reeves, yule wa sauti ya kubembeleza. Alikufa kwa ajali ya ndege mwaka 1964, lakini wimbo wake "Distant Drums" uliongoza orodha ya kantri ya Marekani na orodha ya Uingereza mwaka 1966, yeye akiwa kaburini miaka miwili. Redio haikumwacha apumzike.

Hata kabla ya Reeves muziki huo ulikuwa umeshafika huku kwetu Afrika Mashariki. Mwaka 1950 bwana mmoja, Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika kurekodi nyimbo za wenyeji, alifika Kapkatet katika nchi ya Wakipsigis, Kenya. Huko akakuta wasichana wanaimba kwa kinubi chao wimbo juu ya kiumbe aitwaye Chemirocha, nusu mtu na nusu swala, wakimkaribisha acheze ngoma. Huyo Chemirocha ni nani? Ni Jimmie Rodgers, mfanyakazi wa reli wa Mississippi, mwimbaji wa kantri aliyekufa kwa kifua kikuu mwaka 1933. Sahani zake za santuri zilikuwa zimefika kwao, wakazisikia, na jina lake wakaligeuza kwa ulimi wao. Mnaona? Wale hawakuurudia wimbo wa Rodgers. Walisikia, wakatunga wa kwao. Likumbukeni hilo, sasa twende kwenye redio.

MWANZO WAKE HAKUKUWA NA KURUDIA

Katika mji wa Nashville, jimbo la Tennessee, kuna kituo kiitwacho WSM. Kilianzishwa mwaka 1925 na kampuni ya bima. Tarehe 28 Novemba mwaka huo walimketisha mbele ya kipaza sauti mzee wa miaka 77, Uncle Jimmy Thompson, apige fidla. Watu wa vijijini wakafurahi mno, na kipindi hicho cha Jumamosi usiku kikaendelea. Ndicho kiitwacho Grand Ole Opry, na mpaka leo kipo. Mwaka 1932 kituo kilipata mtambo wa wati 50,000, kikasikika majimbo ya mbali. Kampuni ya bima ilipata ilichotaka, maana wakala wake alipobisha hodi kwa mkulima alikuwa tayari si mgeni.

Lakini angalieni: muziki ule ulipigwa na watu hai. Mpiga fidla akichoka, anainuka, mwingine anakaa. Wimbo haukuweza kurudi mara nane kwa siku, kwani hata vidole vina kikomo.

Kurudia kulianza pale redio ilipokuwa mashine ya kupiga sahani. Mwaka 1949 kijana mmoja, Todd Storz, pamoja na baba yake, walinunua kituo kidogo huko Omaha, jimbo la Nebraska, mji wa minada mikubwa ya ng'ombe. Kuna hadithi inayosimuliwa juu yake kwa namna mbalimbali. Alikuwa amekaa katika baa. Mle ndani kulikuwa na lile sanduku la muziki la kutumbukiza sarafu. Unatia sarafu, unachagua sahani, inapiga. Sanduku lina nyimbo kadhaa, lakini wateja walichagua zile zile chache. Jioni wateja wakaondoka. Wahudumu wakaanza kufagia. Mhudumu mmoja akatoa sarafu yake mwenyewe, pesa aliyoitolea jasho kutwa nzima. Akaenda kwenye sanduku. Akachagua nini? Wimbo ule ule aliousikia tangu asubuhi!

Iwe ilikuwa hivyo hasa au hadithi imenenepeshwa, Storz aliishika fikra hiyo. Akapunguza nyimbo, akazirudia zile zilizopendwa. Wasikilizaji wakamiminika, na vituo vingine vikamwiga. Redio za kantri nazo zikafuata. Mwaka 1961 chama cha muziki wa kantri kilihesabu vituo 81 tu vilivyopiga kantri kutwa nzima. Mwaka 1969 vilikuwa vimezidi 600. Vingi vilitumia njia hiyo ya orodha fupi.

HESABU YA BIBI NA HESABU YA DEREVA

Sasa chukueni kalamu, tufanye hesabu kidogo. Msiogope, ni kugawanya tu.

Tuseme kituo kinapiga wimbo mmoja kila baada ya saa tatu. Siku ina saa 24, kwa hiyo wimbo unapigwa mara 8 kwa siku, mara 56 kwa wiki. Nyimbo zinazopendwa sana kwenye kantri huzunguka karibu na kiasi hicho. Ni nyingi, siyo? Haya. Sasa mchukueni mtu anayewasha redio nusu saa tu kwa siku, akienda kazini kwa gari. Katika kila saa tatu mna nusu saa sita. Basi kwa wastani ataukuta wimbo ule siku moja katika kila siku sita. Mtu huyu akiupenda, atasema, "Mbona wimbo wangu hawaupigi?"

Bibi yetu je? Redio ya mjukuu inaanza saa 12 asubuhi mpaka saa 12 jioni. Ni saa 12 zote. Ataukuta mara nne kila siku, mara 28 kwa wiki. Atasema, "Wameishiwa."

Wote wawili wanasema kweli! Ila redio imepangwa kwa ajili ya yule wa nusu saa. Wa kutwa nzima, dereva wa lori, fundi cherehani, bibi jikoni, hao wanaonekana hawataondoka hata wakikereka. Hapo ndipo jibu la kwanza la swali la bibi lilipo. Hawajaishiwa. Hawakumpanga yeye.

Na kwa nini wa nusu saa anabembelezwa hivyo? Fuateni pesa. Redio ya biashara halipwi na msikilizaji. Analipa mwenye kuuza magari, dawa na vinywaji, naye anataka kujua wangapi wanasikiliza. Zamani watu waliochaguliwa walipewa kidaftari waandike kwa wiki nzima walisikiliza kituo gani. Tangu mwaka 2007, katika miji mikubwa, wapimaji walianza kuwapa kifaa kidogo cha kuvaa kiunoni. Chenyewe kinasikia redio iliyo karibu na kuandika. Na mpaka mwaka 2024 kanuni yao ilikuwa hii: ukisikiliza dakika 5 ndani ya robo saa, unahesabiwa umesikiliza robo saa nzima. Kwa hiyo mpanga nyimbo hofu yake kubwa ni kidole chako kwenye kitufe. Wimbo mmoja usioujua, kidole kinakwenda, robo saa imepotea.

KUZOEA NA KUPENDA

Mtaniuliza, je, ni kweli mtu hupenda anachokizoea? Katika hili sisi wa kisomo ni mashahidi. Kumbukeni siku ya kwanza darasani. Herufi ubaoni zilikuwa kama nyayo za kuku. Wengine mlitamani kukimbia. Tukarudia a, e, i, o, u, leo, kesho, keshokutwa, mpaka herufi zikawa kama jamaa wa nyumbani.

Mwaka 1968 mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Michigan, Robert Zajonc, alilipima jambo hilo. Aliwaonyesha watu wasiojua Kichina alama zinazofanana na maandishi ya Kichina. Alama nyingine waliziona mara moja, nyingine mara mbili, nyingine mpaka mara 25. Kisha akawaambia, kila alama ni neno. Kisieni kama maana yake ni nzuri au mbaya. Zile walizoziona mara nyingi ndizo walizosema zina maana nzuri zaidi. Hawakujua hata moja, lakini macho yalishazizoea.

Basi wimbo nao ni hivyo. Mara ya kwanza unaupuuza. Mara ya tano mguu unagonga chini. Mara ya ishirini unaimba pamoja nao ukiteka maji. Ila kuna mwisho. Ukizidi, unakuwa kama maharage ya shule ya bweni. Hivyo mpanga nyimbo ana kazi ya kujua lini wimbo haujazoeleka bado, lini umeiva, na lini umechosha. Ndiyo maana ulianza ule wanaouita utafiti wa muziki.

WANAVYOULIZA

Njia ya kwanza ni simu, iliyoenea tangu miaka ya 1970. Jioni umekaa, simu inalia. Sauti inasema, nitakupigia vipande vya nyimbo, uniambie unavyoviona. Kipande hakizidi sana sekunde kumi. Ni pale wimbo unapotambulikana upesi, kwa kawaida kwenye kiitikio. Unaulizwa: Unaujua? Unaupenda kiasi gani? Umekuchosha? Siku hizi mengi ya maswali hayo huulizwa kwa intaneti, lakini maswali ni hayo hayo.

Njia ya pili ni ukumbi. Watu mia hivi wanaitwa kwenye hoteli, wanalipwa kidogo, wanakaa na karatasi au kifaa cha kuzungusha mkononi. Wanapigiwa mamia ya vipande, kimoja baada ya kingine, hasa nyimbo za zamani, nasi tungeziita zilipendwa. Kila kipande wanakipa alama. Fikirieni uchovu wake! Ni kama kuonja mboga za vyungu mia sita na kila chungu unapewa ncha ya kijiko.

Matokeo yanatiwa kwenye kompyuta. Tangu mwaka 1979 kuna kampuni iliyotengeneza programu ya kupanga nyimbo za redio. Programu inapewa masharti: wimbo huu kila saa tatu, huu mara moja kwa siku, mwimbaji mmoja asirudi ndani ya saa moja, nyimbo mbili za polepole zisifuatane. Asubuhi mtangazaji anakuta orodha tayari. Wengi mnadhani mtangazaji ndiye anayechagua. Masikini, mara nyingi yeye ni kama kondakta wa basi. Njia imeshapangwa na mwenye basi.

Sasa, katika kujumlisha alama hizo kuna jambo la kuliangalia sana. Mpanga nyimbo hatafuti tu wimbo unaopendwa mno. Anatafuta usiochukiwa. Mnajua mpishi wa msibani. Hatii pilipili, hatii chumvi nyingi, hatii viungo vya kwao, maana anapikia watu mia tatu na hataki hata mmoja asukume sahani. Chakula chake kinalika. Hakuna anayekilaani. Lakini hakuna pia anayekwenda nyumbani akisema, "Leo nimekula!" Wimbo ambao nusu ya watu wanaulilia na nusu wanaukataa huanguka kwenye mtihani huo. Ule wa vuguvugu unapita.

Na jambo la pili ni kubwa zaidi, nalo ndilo lililonifanya nije hapa leo. Wimbo usiojulikana hauwezi kupata alama nzuri kwa kipande cha sekunde kumi. Ili ujulikane lazima upigwe. Ili upigwe lazima upate alama nzuri. Mmeliona duara hilo? Nenda kijiji ambacho gari la samaki huleta dagaa peke yake. Uliza, mnapenda samaki gani? Watasema dagaa. Andika: asilimia kubwa ya wananchi wanapenda dagaa. Kisha mwambie mwenye gari asilete sato, kwa sababu utafiti umeonyesha hakuna anayemtaka. Hakuna mtu aliyedanganya hapo. Hesabu ni sahihi. Lakini sato hakuulizwa.

ALIYEKUWA AKIBISHA HODI

Niwape habari ya mama mmoja, Loretta Lynn. Alizaliwa mwaka 1932 Kentucky, baba yake mchimba makaa ya mawe. Aliolewa angali mtoto, akazaa mapema, akajifunza gitaa akiwa mama wa nyumbani. Mwaka 1960 alirekodi wimbo wake wa kwanza kwa kampuni ndogo isiyo na jina. Yeye na mumewe wakapakia sahani kwenye gari wakaanza safari, kituo hadi kituo, wakilala garini na kula mkate. Anaingia, anamkuta mtangazaji, anamwomba aupige. Wengine wakaupiga palepale. Wimbo ukapanda mpaka nafasi ya 14 katika nchi nzima.

Sisemi zamani ilikuwa peponi. Rushwa ilikuwepo, watangazaji walipewa pesa chini ya meza ili wapige sahani fulani, mpaka Bunge la Marekani likafanya uchunguzi na kutunga sheria mwaka 1960. Na watangazaji hao hao walikuwa na ukaidi wao. Mwaka 1975 Loretta alitoa wimbo juu ya vidonge vya kupanga uzazi. Vituo vingi vikakataa kuupiga; mwanamke asemaje mambo hayo hadharani! Lakini si vyote vilivyokataa, na wanawake wakanunua sahani. Ukafika nafasi ya 5. Ninachosema ni kwamba palikuwa na milango mingi. Ukifukuzwa huu, unabisha ule.

Milango ikaja kupungua. Mwaka 1996 sheria mpya ya mawasiliano iliondoa kikomo cha vituo ambavyo kampuni moja yaweza kumiliki katika nchi nzima. Kabla ya hapo kikomo kilikuwa vituo 40. Baada yake kampuni moja ilikusanya vituo zaidi ya 1,200. Sasa mama mwenye sahani yake atabisha wapi? Akibisha kwa mmoja na kukataliwa, amekataliwa miji mingi kwa siku moja.

NYANYA

Mwezi Mei 2015 mshauri wa redio aitwaye Keith Hill alisema katika jarida la watu wa redio za kantri kwamba kituo kikitaka wasikilizaji wengi kisipige wanawake wengi, na kisiwafuatanishe. Akatoa mfano wa saladi: majani ni waimbaji wanaume, wanawake ni nyanya za kupamba. (Sijui huko wanakula nini. Kwetu kachumbari bila nyanya ni vitunguu vya kulia tu.) Waimbaji wanawake walikasirika sana; mmoja wao, Martina McBride, akauza fulana zenye neno la nyanya kifuani.

Lakini tusimalize kwa kukasirika. Bwana yule alijitetea kwamba yeye anasoma takwimu tu. Hebu tuziangalie takwimu. Mtafiti Jada Watson wa Chuo Kikuu cha Ottawa, Kanada, alihesabu nyimbo zilizopigwa zaidi katika redio za kantri za Marekani kila mwaka. Mwaka 2000 nyimbo za wanawake zilikuwa kama moja katika kila tatu. Mwaka 2018 zilikuwa kama moja katika kila tisa. Na ukihesabu mara zilizopigwa hewani mwaka huo 2018, wimbo wa mwanamke ulipopigwa mara moja, za wanaume zilipigwa karibu mara kumi.

Sasa rudini kwenye duara letu. Mwanamke hapigwi, kwa hiyo hazoeleki. Hazoeleki, kwa hiyo kipande chake kinapata alama ndogo. Alama ndogo inaonyeshwa mezani: tazameni, wasikilizaji hawawataki. Anapunguzwa tena. Na mnakumbuka masharti ya kompyuta? Lile la kutofuatanisha wanawake wawili hutiwa humo pamoja na lile la nyimbo za polepole. Mashine haijui kwamba inamnyima mtu riziki. Inatii.

Tena mambo yamekuwa ya polepole mno. Siku hizi si ajabu wimbo wa kantri kuchukua zaidi ya miezi sita kufika juu katika orodha ya redio. Mingine huchukua mwaka mzima. Nafasi ni chache na kila aliyekalia kiti hainuki upesi. Kwa mwimbaji mgeni mwaka mmoja ni muda mrefu. Watoto wanakula, basi linataka mafuta, wapigaji wanataka mshahara.

Wanawake weusi ndio walioketi mbali kabisa na mlango. Mwaka 1988 mwanamke mweusi, Tracy Chapman, alitoa wimbo wake "Fast Car". Hakuwa mwimbaji wa kantri, lakini wimbo ulienea dunia nzima. Mwaka 2023 Luke Combs, mwanamume mzungu wa kantri, akauimba upya. Redio zikaupiga sana, ukafika nafasi ya kwanza. Hivyo Chapman akawa mwanamke mweusi wa kwanza kuongoza orodha ya redio za kantri kwa wimbo alioutunga peke yake, na Novemba mwaka huo wimbo ukapata tuzo ya chama cha kantri. Mimi nilifurahi, na Combs mwenyewe alimheshimu mama yule. Ila tazameni njia iliyopitiwa. Wimbo wenye miaka 35, unaojulikana tayari na kila mtu, kwa sauti ya mwanamume ambaye redio zilishamzoea. Katika utafiti wa vipande vya sekunde kumi, wimbo kama huo umeshapata alama kabla ya simu kulia.

JE, MSIKILIZAJI AKIANDIKA BARUA?

Najua mtaniuliza hilo, maana hapa wengi tumetuma kadi za salamu redioni na kungoja jina lisomwe.

Mwezi Februari 2024 Beyoncé, mwanamke mweusi wa Texas, alitoa wimbo wa kantri, "Texas Hold 'Em". Msikilizaji mmoja akaandika kwa kituo kidogo cha kantri huko Oklahoma akiuomba. Akajibiwa kwamba kituo hakimpigi Beyoncé kwa kuwa ni kituo cha kantri. Msikilizaji akalionyesha jibu lile kwa watu kwenye intaneti. Barua na simu zikamiminika kituoni kama mvua ya masika, na baada ya muda mfupi wimbo ukawekwa kwenye orodha, ukapigwa.

Kwa hiyo barua moja ilifungua mlango mmoja. Kuna orodha inayojumlisha mauzo na usikilizaji wa intaneti pamoja na redio; huko wimbo ule ulikaa nafasi ya kwanza kwa wiki nyingi, na hakuna mwanamke mweusi aliyewahi kuongoza orodha hiyo kabla yake. Na kuna orodha ya redio za kantri peke yake. Huko, mwezi huo huo, katika nchi hiyo hiyo, wimbo ule ule haukuingia hata katika 30 za juu.

Haya, tuingie kwenye maswali. Bibi, naona mkono wako umeshakuwa juu.